Neno Moja, Masikio Mengi: Namna ya Kusoma Maandiko Matakatifu bila Kuyapotosha

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wakristu wa parokia katika juma la matayarisho ya Yubilei)



Nimeombwa niseme juu ya Biblia katika nyumba zetu. Wazee waliobatizwa zamani wanakumbuka kwamba Biblia ilikuwa kitabu cha padri, naye mkristu alibeba katekismu na kitabu cha sala. Leo mambo ni vingine. Maaskofu wa inchi yetu, tangu mkutano wao wa mwaka 1961, walichagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai, mahali ambapo jirani na jirani wanakaa pamoja na kusikiliza Neno. Kisha Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, katika hati iitwayo Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, ukataka kila mkristu aweze kuyafikia Maandiko bila kizuizi. Tumshukuru Mungu kwa neema hiyo.

Lakini mlango ukifunguliwa wazi, vumbi nalo huingia. Katika kiwanja kimoja baba anasoma barua kwa Waefeso, anakuta mahali Paulo anapowaambia wake wawatii waume, anafunga kitabu na kudai chakula. Mama anakifungua tena, anashuka mistari mitatu, anakuta mume anaagizwa kumpenda mke hata kutoa uhai wake kama Kristu alivyofanya, naye anauliza chakula kimetolewa uhai gani. (Hakuna hata mmoja kati yao anayekumbuka mstari unaotangulia yote hayo, ambao unawataka wote wawili watiiane.) Jioni kijana wao anarudi kutoka chumba cha sala, Biblia kwapani, na kusema kwamba koko yake, mama wa baba yake, ni mchawi, na kwamba imeandikwa. Wote watatu wanasoma kitabu kimoja. Wote watatu wana hakika. Je, tutajuaje nani anasikia sauti ya Mungu, na nani anasikia sauti ya tumbo lake, ya hasira yake, ya hofu yake?

Sitatafuta mfano wa mbali. Nitachukua maandishi yaliyosomwa juu yetu sisi wenyewe, watu weusi wa Afrika, wakati sisi hatukuwamo chumbani kujibu.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kinasimulia kwamba baada ya gharika mzee Noe alipanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi katika hema yake. Mwana wake Hamu akamwona, akatoka akawaambia ndugu zake. Semu na Yafeti wakaingia kinyumenyume, macho yao yakielekea mlangoni, wakamfunika baba yao. Noe alipoamka akajua yaliyotendeka, akamlaani mtu fulani awe mtumwa wa watumwa kwa ndugu zake. Nasema mtu fulani, tutarudi hapo.

Kwa karne nyingi watu waliofanya biashara ya watumwa, na wale walionunua watumwa kwa mashamba ya pamba na miwa kule Amerika, walifungua sura hiyo wakasema: Hamu ndiye baba wa watu weusi, weusi wao ni alama ya laana, na utumwa wao umetangazwa na Mungu. Waislamu wengine walisema vilevile, ingawa Ibn Khaldun, mwandishi Mwislamu aliyezaliwa Tunis, aliwakatalia tangu karne ya 14, akionyesha kwamba Torati haisemi neno lolote juu ya rangi ya ngozi, na kwamba rangi inatokana na jua na hali ya hewa. Mtu huyo hakuwa mkristu, lakini alisoma sawasawa kuliko wakristu wengi waliokuja baada yake. Hilo nalo litufundishe adabu.

Tusifiche kwamba wazo hilo liliingia hata katika sala za Eklezia. Mtakatifu Daniele Comboni aliwapenda Waafrika mpaka akafa Khartoum mwaka 1881 akiwatumikia, na alipinga biashara ya watumwa kwa nguvu zake zote. Hata hivyo, katika ombi alilolipeleka mwaka 1870 mbele ya Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, lililotiwa sahihi na maaskofu 70, laana ya Hamu ilitajwa kama mzigo ambao ungali juu ya mabega ya watu weusi. Na mwaka 1873 Roma ilikubali sala, pamoja na rehema zake, ya kumwomba Mungu awaondolee laana hiyo watu wa Afrika ya Kati. Waliosali hivyo hawakutuchukia. Walitaka tuokolewe. Ndiyo sababu ninasimama kidogo mahali hapa: tunadhani kwamba anayepotosha Maandiko lazima awe mtu mbaya, mwongo ao mwenye kutafuta mali. Mara nyingi ni mtu mwema aliyepokea maana kutoka kwa waliomtangulia, naye hakurudi kuangalia kilichoandikwa.

Basi turudi tuangalie, polepole, kama mtu anayehesabu feza ambazo wengine walimwambia zimekwisha kuhesabiwa.

Jambo la kwanza: Noe hakumlaani Hamu. Alimlaani Kanaani, mwana wa Hamu. Maandiko yanarudia jina hilo ili mtu asikosee. Na mwanzoni mwa sura hiyohiyo Mungu mwenyewe amembariki Noe pamoja na wana wake wote, Hamu akiwa mmoja wao. Tena laana inatoka kinywani mwa mzee aliyeamka kutoka ulevini, haitoki kinywani mwa Mungu. Tuendelee mpaka sura ya 10: wana wa Hamu ni wanne, yaani Kushi, Misri, Puti na Kanaani. Kushi ni inchi zilizo kusini ya Misri, ndiko watu weusi wa Biblia wanakotoka. Kanaani ni watu walioikaa inchi ambayo Waisraeli waliiingia baadaye. Laana ilitajwa juu ya hao wa mwisho, na wale waliosimulia habari hiyo walikuwa Waisraeli, waliopigana na Wakanaani na kuchukia desturi zao. Kushi hakuguswa. Juu ya ngozi hakuna neno hata moja.

Je, ilikuwa kazi ngumu kuona hayo? Haikuhitaji Kiebrania. Ilitosha kusoma mistari minane kwa makini na kugeuza ukurasa mmoja. Lakini anayepata faida katika maana fulani hana haraka ya kugeuza ukurasa.

Tukiendelea kuugeuza tutawakuta watu wa Kushi mahali pengi. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Musa ana mke Mkushi, na dada yake Miriamu anamsema vibaya kwa ajili ya mwanamke huyo. Mungu anakasirika, naye Miriamu anapigwa ukoma, ngozi yake inakuwa nyeupe kama theluji. Nawaachia ninyi mfikiri juu ya weupe huo. Katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 38, wakubwa wa Yerusalemu wanamtupa nabii ndani ya kisima chenye matope afe. Anayekwenda kwa mfalme kumtetea, na kumtoa kwa kamba na matambara ya kuweka kwapani asiumie, ni Ebedmeleki, Mkushi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa kabisa kwamba mtoto abebe kosa la baba yake. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, mkubwa mmoja wa Ethiopia, inchi ileile ya Kushi, anasoma kitabu cha Isaya juu ya gari lake njiani kutoka Yerusalemu. Filipo anamkimbilia na kumwuliza kama anafahamu anachosoma. Anajibu kwa unyofu kwamba hawezi kufahamu bila mtu wa kumwongoza. Wanapofika penye maji anabatizwa. Filipo hakumwondolea kwanza laana yoyote.

Tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, ambako leo panaitwa Kirungu, Askofu Victor Roelens alimpa upadri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo. Tangu sala ile ya mwaka 1873 ilikuwa miaka 44 tu. Askofu alipomwekea mikono, nafikiri jibu lilitolewa wazi kuliko katika vitabu vingi. Lakini jibu la maneno nalo lilihitajika. Tarehe 22 Februari 1992 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa pili alisimama katika kisiwa cha Gorée, inchini Senegali, akaomba mbingu isamehe dhambi ya utumwa waliyoitenda watu wenye kubatizwa.

Habari ya Hamu haijaisha, wandugu, na sehemu inayobaki inatuhusu sana. John Hanning Speke, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliona falme za Maziwa Makuu zilizopangwa vizuri, naye hakuweza kuamini kwamba watu weusi wamezijenga wao wenyewe. Akaandika kwamba watawala wao ni watu wa asili nyingine waliotoka upande wa Ethiopia. Wengine walimfuata, na mwaka 1930 Charles Seligman akaandika katika kitabu chake juu ya mataifa ya Afrika kwamba ustaarabu wa bara hili umeletwa na Wahamiti, yaani uzao wa Hamu. Mnaona ajabu hiyo? Mwanzoni kuwa mwana wa Hamu kulikuwa sababu ya kufungwa minyororo. Baadaye kukawa sababu ya kupewa utawala juu ya jirani. Hamu ni yuleyule, sura ya 9 ni ileile, na mafundisho mawili yanapingana kabisa. Maandiko hayakubadilika. Mahitaji ya wasomaji ndiyo yalibadilika.

Mafundisho hayo yaliingia katika shule na katika ofisi za serkali. Mwaka 1992, inchini Rwanda, mwanasiasa mmoja alisema hadharani kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ilibeba maiti. Na katika majimbo yetu ya mashariki, maneno ya Wahamiti na Wabantu yangali yanasemwa mpaka leo, hata na watu wanaopokea Komunyo meza moja. Wanaoyasema wengi hawajui kwamba mzizi wake ni mstari wa Biblia uliosomwa vibaya. Mimi naona ni lazima waambiwe, na waambiwe kanisani, kwa sababu kanisani ndimo wengine waliyasikia.

Sasa mtaniuliza: basi nani atatulinda, kama hata watakatifu walichukuliwa? Eklezia imefikiri sana juu ya ulizo hilo. Papa Pio wa 12, mwaka 1943, aliwahimiza wenye elimu ya Biblia watafute kwanza kile ambacho mwandishi wa zamani alitaka kusema, katika lugha yake na kwa namna ya watu wake ya kusimulia. Dei Verbum ilikubali hayo, kisha ikaongeza kwamba kitabu kimoja kisomwe ndani ya Biblia nzima, na Biblia nzima ndani ya imani ambayo Eklezia imeipokea na kuiishi. Tena ilisema wazi kwamba mamlaka ya maaskofu na ya Papa katika kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia. Mwaka 1993 Tume ya Kipapa ya Biblia ilitoa maandishi marefu juu ya njia za kufafanua Maandiko. Iliyakataa kwa ukali mafundisho ya wale wanaoshika neno moja moja kama jiwe la kutupa, bila kuangalia wakati wala watu walioandika.

Mtakatifu Augustino alikuwa na kipimo kifupi, nacho kinamfaa hata mama asiyejua kusoma. Alifundisha kwamba mtu anayedhani ameyafahamu Maandiko, lakini ufahamu wake haujengi mapendo kwa Mungu na kwa jirani, huyo bado hajayafahamu. Kipimo hicho hakiondoi kazi ya kusoma kwa makini. Lakini kinatuambia mahali pa kusimama na kuanza upya.

Elimu nayo si kitu cha Wazungu peke yao. Laurent Monsengwo Pasinya, mwana wa inchi hii, aliyefariki mwaka 2021 akiwa kardinali, alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata udaktari wa ufafanuzi wa Biblia katika Chuo cha Kipapa cha Biblia. Ni jambo kubwa kwamba mwana wa wale waliosomewa laana alikaa mezani na kuisoma Torati kwa Kiebrania na Kigriki. Kila mara watu walipokosea juu ya Hamu, mwenye kuhusika alikuwa hayupo. Ndiyo sababu nawashauri viongozi wa jumuiya: mkifafanua mstari unaomgusa mjane, mjane awepo. Mkifafanua unaomgusa mtu wa kabila lingine, yeye awepo na aseme.

Na sasa tumwone yule kijana aliyerudi kutoka chumba cha sala. Mstari anaoushika ni wa kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mstari wa 18, ambao katika Biblia nyingine ni wa 17. Unaamuru kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai. Kwa mstari huo wazee wamefukuzwa nyumbani, na watoto, ndiyo, watoto wa miaka sita ao saba, wamefungwa, wamenyimwa chakula, wamemwagiwa vitu vikali machoni ili pepo atoke, kisha wametupwa barabarani katika miji yetu. Wengi wao ni yatima, ao watoto wa ndoa ya kwanza ambao mke wa pili hawataki. Anayemtoa pepo huyo hupokea malipo. Je, tunahitaji alama nyingine?

Lakini tusijibu kwa hasira tu, tusome. Mistari minne tu chini ya ule, sura ileile, Mungu anakataza kumtesa mjane na yatima, naye anaapa kwamba akisikia kilio chao, hasira yake itawaka juu ya watesi. Mwenye kusimama penye mstari wa 18 amefunga kitabu kabla ya kumfikia yatima. Tena sheria zile za Israeli zilitaka mashahidi wawili ao watatu mbele ya mtu kuuawa; ndoto ya pasta haikuwa shahidi. Na Yezu, mitume walipowazuia watoto, alichukizwa na mitume, akawakumbatia watoto na kuwabariki. Hatuna habari ya Mwinjili ambamo Yezu anamwita mtoto mchawi. Alipowakuta watoto waliosumbuliwa na pepo aliwaponya, na kuwarudisha kwa wazazi wao. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kipengele cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampa adhabu anayefanya hivyo. Ni haya kwetu kama serkali imekifahamu kitabu cha Kutoka kuliko sisi.

Limebaki neno la mabishano. Wengine wanasema: kwa kuwa wakristu hawapatani juu ya Biblia, basi kila mtu ashike ya kwake. Mitume hawakufikiri hivyo. Matendo ya Mitume, sura ya 15, inatuonyesha mabishano makali kule Antiokia na Yerusalemu: je, wasio Wayahudi watahiriwe? Waliotaka tohara walikuwa na Maandiko mikononi, tena Maandiko ya wazi. Wakakutana. Petro alieleza aliyoyaona kwa macho, kwamba Roho Mtakatifu aliwashukia wasiotahiriwa. Kusanyiko likanyamaza na kuwasikiliza Barnaba na Paulo. Yakobo akarudi kwa manabii, akaonyesha kwamba walikuwa wamekwisha kusema hayo. Kisha wakaandika barua, wakisema kwamba uamuzi ni wa Roho Mtakatifu na wao pamoja. Angalieni kwamba hawakupiga kura siku ya kwanza, na hakuna aliyefukuzwa kabla ya kusikilizwa. Na bado, katika sura hiyohiyo, Paulo na Barnaba waligombana juu ya Marko wakaachana njia! Luka hakuona haya kuandika. Baadaye barua ya pili kwa Timoteo inaomba Marko aletwe, kwa sababu anafaa kwa kazi.

Wandugu zetu Waprotestanti nao wako karibu nasi, na wengine wamo katika jamaa zetu. Wakatoliki, Waprotestanti na Waortodoksi wa lugha ya Kifaransa walipotaka kutafsiri Biblia pamoja, hawakuanza na kitabu chepesi. Walianza na barua kwa Waroma, iliyowatenganisha tangu karne ya 16, wakisema kwamba wakiweza hiyo wataweza zote. Ilitoka mwaka 1967, na Biblia nzima, ile iitwayo TOB, mwaka 1975. Waligundua kwamba mahali pengi hawakutofautiana juu ya neno lililoandikwa. Walitofautiana juu ya mambo ambayo kila upande ulikuwa umeyaongeza pembeni. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi maandishi ya pamoja juu ya namna Mungu anavyomhesabia mtu haki. Mabishano yote hayakuisha siku hiyo, na hakuna aliyesema yameisha.

Nisiwachoshe. Baba Paroko ameruhusu tukae nusu saa zaidi. Wenye Biblia ya Kingwana wafungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kuanzia mstari wa 18. Wenye ya Kifaransa wafuate, na wakiona neno limetofautiana wainue mkono. Mama mmoja wa jumuiya atatusomea kwa sauti, polepole, mara mbili. Kisha naomba wazee wanyamaze kwanza, na vijana wa nyuma waanze kuuliza.